Alama ya Ndege Aliyegeuza Shingo

"Huyu mtu ningemkuta hai, ningeolewa naye kesho," Lenzi alisema, jicho moja amelifumba, jingine limezama kwenye kioo cha kukuzia.

Fundi, aliyesimama ng'ambo ya meza, alipaliwa na mate yake mwenyewe. Akakohoa mpaka akashika kiti.

"Pole. Nikuletee maji?"

"Hapana. Mtu gani?"

"Huyu aliyetengeneza kijiko chako. Njoo uone."

Lenzi ni jina la utani. Alipewa kwa sababu ya kile kioo kidogo kilichoning'inia shingoni mwake kutwa. Alifanya kazi kwenye duka la vitu vya kale la shangazi yake, na kazi yake ilikuwa kusoma chapa. Watu walileta mabirika, masinia na vijiko walivyoachiwa na bibi zao. Yeye aligeuza chombo, akatazama chini, kisha akasema kama ni fedha tupu au kimechovywa fedha juujuu tu, kimetengenezwa na nani, na zamani gani. Kila karakana ya kale ilikuwa na chapa yake: simba, nanga, ua, herufi mbili tatu. Lenzi alizijua kama mama anavyojua vilio vya wanawe.

Si wote waliofurahi. Asubuhi hiyohiyo mama mmoja alikuwa ameondoka amenuna na birika lake.

"Fedha tupu haipigwi E.P.N.S., mama. Hizo herufi zinasema limechovywa. Na hapa mdomoni mchovyo umekwisha, ona rangi ya manjano inachungulia."

"Kwa hiyo mume wangu alinidanganya miaka yote hii?"

"Au alidanganywa yeye, mama. Msamehe tu, chai inatoka vilevile."

Fundi naye alikuwa na karakana mtaa wa nyuma. Aliunga mishikio iliyokatika, akaziba mabirika yanayovuja. Nyundo aliiweza kwelikweli. Ulimi ndio uliomshinda. Akimwona Lenzi, maneno yote yalimkimbia kama kuku waliorushiwa jiwe. Lakini siku hizi alikuwa akija mara kwa mara na kijiko mkononi, kila kimoja kina chapa ileile ya ndege aliyegeuza shingo kutazama nyuma, chapa ambayo Lenzi hakuiona kwenye kitabu chochote.

"Tazama mgongo wa kijiko," Lenzi aliendelea. "Nyundo imepita taratibu, haina papara. Huyu hakuwa mtu wa kupiga kelele nyumbani."

"Labda alikuwa mtu wa kawaida tu."

"Wa kawaida? Kaka, usimkosee adabu marehemu."

Hilo neno 'kaka' lilimchoma Fundi kuliko moto wa kuunganishia. "Umejuaje kwamba amekufa?"

"Wenye subira ya hivi waliisha zamani. Unavipata wapi lakini?"

"Kwa... mtu mmoja."

"Mtu gani huyo asiyeishiwa vijiko?"

"Hapendi kujulikana."

Shangazi alitokea chumba cha nyuma, kitambaa cha kung'arishia begani, uso umejaa habari.

"Nimeshampigia Daktari wa Meno. Yule anayekusanya vyombo vya fedha. Nimemwambia binti yetu amegundua bingwa wa kale asiyejulikana. Kesho asubuhi anakuja kuvinunua vyote."

"Haviuzwi!" Fundi alisema, kwa sauti iliyomshtua hata yeye.

"Mwanangu, humu kila kitu kinauzwa isipokuwa mimi. Mwambie huyo mtu wako atapata haki yake." Kisha akamsogelea Lenzi, akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Na Daktari hajaoa."

Fundi alitoka bila kuaga.

Jioni simu ya Lenzi ililia.

"Habari za jioni," Fundi aliandika.

"Nzuri. Kuna nini?"

"Kuna jambo nataka kukuambia kuhusu vijiko."

"Niambie."

Lenzi akangoja. Simu ikaonyesha mtu anaandika, anaacha, anaandika tena. Mwisho ujumbe ukaingia.

"Usivitie kwenye maji ya moto."

"Sawa kaka. Asante."

Upande wa pili, mwanaume mzima alijitupa kitandani akajifunika mto usoni.

Kulipokucha, Lenzi alitandika kitambaa cheusi juu ya meza ya dukani akavipanga vijiko alivyoachiwa na Fundi, cha kwanza kuletwa kikitangulia, cha mwisho kikifunga mstari. Alitaka kuvipitia kwa mara ya mwisho kabla ya kusema neno lake mbele ya mnunuzi. Akashusha kioo kwenye kile cha kwanza. Ndege mzima. Cha pili, ufa mwembamba kama unywele mkiani. Kilichofuata, ufa umefika kwenye bawa. Kwenye kile cha jana ulikuwa umekata shingo.

Akarudi mwanzo. Akapitia tena, safari hii polepole.

Chapa hupigwa kwa chuma, na chuma hicho kikianza kupasuka, kila pigo huongeza ufa. Kwa hiyo vijiko vilikuwa vimemfikia kwa mpangilio uleule wa kutengenezwa kwake. Kama kweli vilikuwa vimetawanyika kwenye makabati ya watu tangu enzi za kale, vilijuaje kupanga foleni?

Alichukua kitambaa akasugua weusi wa kijiko cha mwisho. Weusi wa zamani hung'ang'ania. Huu ulitoka kama masizi ya sufuria.

"Mungu wangu," alisema peke yake. "Marehemu jana alikuwa amesimama hapa anakohoa."

Karakana ilikuwa wazi. Fundi alikuwa ameinama kwenye meza yake, tupa mkononi, aproni ya ngozi kiunoni. Lenzi hakupiga hodi. Alikiweka kijiko mbele yake.

"Shikamoo, marehemu."

Tupa ikamponyoka Fundi.

"Naweza kueleza."

"Eleza."

Fundi akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Ndilo tatizo lenyewe," akasema. "Siwezi."

"Leo utaweza."

"Siku ile ya kwanza nilikuja kukuambia nimekupenda. Nilipofika mezani neno likakwama. Mkononi nilikuwa na kijiko nilichotengeneza mwenyewe, nikasema 'niangalizie'. Ukakiangalia. Ukaniambia nikae. Hukuwahi kuniambia nikae."

"Na vingine?"

"Nilitaka kukaa tena."

Lenzi alihisi kitu kinalainika kifuani, akakikaza haraka.

"Na huu weusi uliupaka wa nini?"

"Ili usimalize kukisoma upesi."

"Ili usimalize upesi! Fundi, watu wanakuja kwangu kwa sababu nikisema kitu ni hiki, ni hiki. Sina mtaji mwingine. Leo Daktari anakuja na neno langu limeshatolewa. Ungeniacha niseme uongo mbele yake?"

"Jana nilitaka kukuambia. Nilikutumia ujumbe."

"Maji ya moto!"

"Nilikuwa naanzia mbali."

"Ulianzia mbali mpaka ukapotea njia." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akachukua kijiko chake. "Usinifuate."

Dukani alimkuta Daktari wa Meno ameshafika, mtu mrefu mwenye tabasamu lililonyooka kama tangazo la kazi yake. Shangazi alikuwa amemvutia kiti kizuri na kumpa kijiko kimoja akishike.

"Huyu hapa mtaalamu wetu mwenyewe!" Shangazi alitangaza. "Mwambie, mwanangu. Mwambie ni vya enzi gani."

Lenzi alivuta pumzi.

"Daktari, nisamehe. Si vya kale. Nilikosea."

Tabasamu la Shangazi liliganda usoni.

"Ni vya lini?" Daktari aliuliza.

"Hicho ulichoshika pengine hakijamaliza mwezi."

"Basi ni vya kuchovya?"

"Hapana. Ni fedha tupu, na imefuliwa kwa nyundo ya mkono. Ni kazi nzuri kuliko nyingi zilizowahi kupita hapa. Lakini ni mpya, na mimi siwezi kukipa kijiko umri ambao hakina."

Kabla Shangazi hajapata la kusema, mlango ulisukumwa kwa kishindo. Fundi aliingia na aproni yake, anahema, kiatu kimoja hakijafungwa.

"Ni mimi! Yeye hana kosa. Ndege ni wangu, vijiko ni vyangu, weusi nimepaka mimi, na nimefanya yote kwa sababu nampenda huyu dada na mimi sijui kuongea!"

Saa zote za kale ukutani zilisikika.

"Hujui kuongea?" Shangazi alimtazama juu mpaka chini. "Na hayo uliyomwaga hapa ni nini, uji?"

Daktari wa Meno ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Akageuza kijiko, akakitazama tena ndege wake.

"Nimetafuta mkono wa namna hii muda mrefu, na kila nikiuona naambiwa mwenyewe yuko kaburini. Fundi, unaweza kunitengenezea seti nzima? Bila weusi, tafadhali. Na kikipinda, nitajua pa kupeleka lawama."

"Na... ile habari nyingine, Daktari?" Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo. "Ya kuoa?"

"Oh, umesikia? Ndiyo, mama, tunafunga ndoa karibuni. Vijiko ni zawadi kwa mchumba wangu."

Shangazi alikaa chini kwenye kiti kilichoandikwa *Usikalie*.

Fundi akamgeukia Lenzi. Lenzi hakucheka.

"Kazi umepata," alimwambia. "Mimi bado hujanipata. Na usiniletee kijiko."

Fundi hakumletea. Siku zikapita. Lenzi akasoma chapa za watu, akawaambia ukweli wao, lakini kila mlango ulipolia alinyanyua kichwa, na kila alipokuta ni mteja alikirudisha kichwa chini polepole. Shangazi aliona. Shangazi gani asiyeona?

"Umemkasirikia au umemkumbuka?"

"Vyote."

"Basi ukubwa wa hasira unajulikana. Wa kumkumbuka je?"

"Shangazi, niache nifanye kazi."

"Kazi gani? Hilo birika umelishika juu chini tangu asubuhi."

Simu ya Lenzi ikaita. Shangazi akatazama jina, akachukua kitambaa chake, akaenda kung'arisha kitu kilichokuwa kinang'aa tayari.

"Halo?"

Pumzi tu.

"Fundi, najua ni wewe. Nasikia tupa inakwaruza."

Mkwaruzo ukakoma. "Nimeiweka chini."

"Haya."

"Samahani kwa weusi. Samahani kwa kukaa kimya ukisema jambo nililojua si kweli. Nililinda aibu yangu nikaiweka hatarini heshima yako. Ulimsifu yule bwana wa kale kwamba ana subira. Mimi sikuwa na subira, nilikuwa na woga. Nakupenda, na ningependa unijue nilivyo, siyo..." Akakwama.

"Unasoma mahali?"

"Kwenye kiganja. Niliandika."

"Soma mpaka mwisho."

"Pamefutika. Jasho."

Kicheko kilimtoka Lenzi kabla hajakizuia, kikaendelea mpaka akaketi.

"Mwishoni palisemaje?"

"Palisema 'tafadhali'."

Lenzi alifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Sikiliza. Kuanzia leo ukiwa na neno, unaniambia kwa mdomo. Hata likiwa baya. Hata likitoka vipandevipande."

"Nitajaribu. Nitasema."

"Na mimi sitakuita kaka tena."

Upande wa pili kitu kizito kilianguka, kikifuatiwa na kelele za vyombo vingi vinavyoviringika sakafuni.

"Upo salama?"

"Nipo salama sana," Fundi alisema.

Akaanza kuja dukani mikono mitupu. Mwanzoni alisema kidogo: jua ni kali, barabara ina vumbi. Baadaye alisema zaidi. Ikafika siku Shangazi alilalamika kwamba huyu kijana anaongea mpaka wateja wanakosa nafasi, na kwamba kama ni kuja kila siku, basi alete mjomba wake wakae chini wazungumze kama watu. Mjomba aliletwa. Alikuwa mkimya kuliko Fundi, kwa hiyo Shangazi aliuliza maswali na kuyajibu mwenyewe, na wakaelewana vizuri sana.

Siku ya ndoa ukumbi ulijaa. Daktari wa Meno alikuwepo na mkewe. Msajili akamgeukia Fundi, akamuuliza kama anakubali kumwoa binti huyu.

Fundi akafungua mdomo. Akaufunga.

Watu wakatazamana. Mjomba akaanza kutokwa jasho. Msajili akarudia swali, polepole zaidi.

Lenzi akamsogelea mumewe mtarajiwa, akamshika mkono. Alikigeuza kiganja akakitazama. Kilikuwa kisafi.

"Sikuandika," Fundi alimnong'oneza. "Nilitaka litoke lenyewe."

"Basi litoe, mpenzi. Nipo."

"NAKUBALI!"

Msajili akadondosha kalamu. Mtoto mmoja akaanza kulia nyuma ya ukumbi, na mpita njia akachungulia dirishani kuona kuna nini.

"Taratibu, mwanangu," Shangazi alisema, anajifuta machozi kwa kitambaa cha kung'arishia. "Tumesikia."

"Mimi sijasikia vizuri," alisema Lenzi. "Rudia."

Akarudia.