Tamponi ya Mwanamvua

Kila asubuhi kabla ya shule, Mwanamvua huchota maji, hufagia uwanja na kuwamwagia kuku pumba. Alhamisi ile alifanya yote mbio mbio, maana timu ya netiboli ya shule yao ya Masaki ilikuwa inakwenda kucheza Kibaha, na yeye ndiye mfungaji. Tatizo lilikuwa moja: hedhi yake ilikuwa imeanza.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka uliopita, alipovunja ungo, mama hakumwambia neno. Kwao kazi hiyo ni ya somo, mwanamke anayemfunda msichana akivunja ungo. Somo wake, Bi Zuwena, alimfundisha kufunga kitambaa, kukifua na kujisafisha. Kisha akamkazia jambo moja mara tatu: "Kitu chako asikione mtu. Hata mama yako."

Lakini kitambaa huhama mtu akiruka. Mwanamvua akakumbuka pakiti aliyopewa na binamu yake Nuria wa Mkuza. Ndani mlikuwa na tamponi, vipande vya pamba vilivyobanwa, kila kimoja na uzi wake, vinavyovaliwa ndani ya mwili ili kunyonya damu. Karatasi ya maelezo alikwisha kuichana zamani, asije mtu akaiona. Saa kumi na mbili asubuhi akavaa moja kwa kukumbuka michoro yake tu. Iliuma kidogo, maana alikuwa amejikaza kwa woga.

Mechi walishinda. Adhuhuri alitaka kubadilisha, lakini choo cha wenyeji hakikuwa na ndoo ya taka, na mlango haukuwa na komeo. Angeitupa wapi isionekane? Akaiacha vilevile.

Wakati wa kurudi alimnong'oneza siri rafiki yake Firdausi.

"We! Dada mmoja kwetu alivaa hiyo, ikapanda mpaka tumboni," alisema Firdausi. "Akapasuliwa!"

"Muongo wewe."

"Wallahi tena."

Firdausi alikuwa na dada mmoja kwa kila jambo duniani, na siku nyingine Mwanamvua angecheka. Leo hakucheka. Saa kumi jioni aliingia chooni nyumbani. Akautafuta uzi, hakuupata. Akatafuta tena, jasho likimtoka. Uzi haukuwepo. Aliamini kabisa kwamba atakufa.

Mama alikuwa uani akimenya mihogo. "Mwanamvua, unaumwa?"

"Hapana, mama," alijibu, akapita haraka machozi yasionekane. Alikimbia mpaka kwa Bi Zuwena.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

Mwanamvua akaeleza yote huku akilia. Bi Zuwena alimfuta machozi. Wasichana wote wa mtaa ule walifundishwa naye, na maswali yao yote aliyajibu yeye.

"Hilo mimi silijui," alisema. "Twende kwa anayelijua."

Wakapanda pikipiki hadi zahanati. Muuguzi Evaline alisikiliza bila kucheka, akampima joto, akaona hana homa.

"Haijapotea," alisema. "Uke una mwisho wake, na tundu la huko juu ni dogo mno. Tamponi haiwezi kupita kwenda tumboni. Uzi umejikunja tu. Nawa mikono kwa sabuni, chuchumaa, vuta pumzi, legeza mwili, halafu uutafute polepole. Ukishindwa nitakusaidia, na somo wako atakuwepo."

Dakika chache baadaye Mwanamvua alitoka chooni. "Imetoka!" alisema, akaangua kilio upya, safari hii kwa furaha.

Muuguzi hakutabasamu bado. "Umekaa nayo zaidi ya masaa kumi. Ni hatari. Ibadilishe kila baada ya masaa manne hadi sita, na yasizidi manane kamwe. Anza na ndogo kabisa, na unawe mikono kabla na baada. Ukipata homa ya ghafla, kutapika, vipele au kizunguzungu, itoe na uje hapa mbio. Siku ambayo huna pa kubadilishia, vaa pedi. Ukikosa ndoo ya taka, ifunge kwenye karatasi, uiweke kwenye begi mpaka ufike penye shimo la taka."

Walirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani Bi Zuwena alisimama.

"Mwanangu, umekosea kuchana maelezo na kushinda na hofu kutwa nzima. Lakini kosa langu ni kubwa zaidi. Nilikufundisha kuficha, nikasahau kukufundisha kuuliza. Damu yako isitiri, sawa. Hofu usiifiche. Niambie mimi, mwambie mwalimu, mwambie nesi."

"Na mama je?" aliuliza Mwanamvua kwa sauti ndogo.

Bi Zuwena alimshika mkono. Aliingia naye uani, akaketi karibu na mama, akachukua kisu na muhogo mmoja, akaanza kumenya.

"Njoo ukae hapa katikati yetu," alisema. "Sasa mweleze mama yako."

Mwanamvua akaketi, akaanza kueleza.