Jua Lililolipua Betri

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Kheiria alikuwa akifukiza udi. Alipita na chetezo chenye makaa ya moto chumba hadi chumba, nyumba yao ya mtaani Darsait ikanukia yote.

Mwaka ulikuwa umepita tangu tufani ya 2007. Wakati ule umeme ulipotea, na mama mkwe wake, Bi Mahbuba, ana pumu. Mashine yake ya kuvutia dawa ilizima. Nusura wampoteze. Kwa hofu hiyo Mahfoudh, mumewe Kheiria, alinunua paneli ya sola, betri, na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, akaviunga mwenyewe. Paneli aliiweka juu ya paa. Betri aliifungia stoo, pembeni ya chumba cha mama.

Alhamisi hiyo Kheiria alisikia harufu ya yai viza stoo. "Hapa ndipo panapotaka udi," akajisemea. Akafungua mlango, akaingiza chetezo.

Paa!

Kifuniko cha betri kiliruka kikapiga dari. Maji makali yakamrukia mkononi, yakamchoma. Kheiria akatoka nje akipiga kelele.

Jirani yao Shariffa, mwalimu wa umeme chuoni, alikuja mbio. Akamvuta hadi bombani.

"Usifute! Acha maji yatiririke. Hiyo ni tindikali. Mahfoudh, panda juu, ifunike paneli kwa blanketi zito!"

Mahfoudh alishuka kutoka paani. "Jua tu hili, Bi Shariffa! Jua linalipua nyumba?"

"Umeunga vipi?"

"Waya wa paneli moja kwa moja kwenye betri."

"Subhanallah! Sasa betri ikijaa, nani ataizuia paneli? Imechemka, ikatoa gesi. Gesi hiyo ikikutana na moto hulipuka. Nawe umeifungia ndani!"

Bi Mahbuba alikuwa amesimama mlangoni. "Na mimi nnalala nyuma ya ukuta huu?"



Mkono wa Kheiria ulipopona, waliunga upya, Shariffa akiwaelekeza. Betri mpya iliwekwa barazani, kivulini, penye upepo.

"Hiki ni kidhibiti chaji," alisema Shariffa, akionyesha kisanduku kidogo. "Betri ikijaa, hukata umeme wa paneli. Unganisheni betri nacho kwanza, ndipo paneli. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi."

"Na inveta?" Kheiria akauliza.

"Ichukue umeme kwenye betri, kwa waya mnene na mfupi. Fyuzi iwe karibu na betri. Mashine ya mama ichomekwe kwenye inveta yenyewe. Na moto usikaribie hapa, hata wa udi."

Julai, mchana wa joto kali, umeme ulikatika mtaa mzima. Kheiria alikimbilia chumbani kwa mama.

Bi Mahbuba alikuwa ameketi kitandani, mashine inanguruma. Akaivua barakoa ya dawa usoni.

"Mbona umenikodolea macho, mwanangu?"

"Umeme umekatika, mama."

"Umekatika?" Bi Mahbuba akashangaa. "Lini?"