Vitufe Katika Chumba cha Deo

“Kinatoka leo, wifi. Nimeshasema na sirudii,” alisema shangazi Rebeka, akatua kidumu cha mafuta ya taa kando ya rundo la mabua ya alizeti. “Ukikikalia mwezi mwingine, tutakuzika na wewe.”

“Kiguse uone,” mama alijibu. Alikuwa ameketi kizingitini pa chumba cha Deo, miguu ameinyoosha, na hakugeuza hata shingo.

Yasinta alikuwa amesimama uani na sare zake za shule, sufuria mkononi, hajui aipeleke wapi. Wawili hao walikuwa wamegombana tangu asubuhi. Shangazi akizidiwa na hasira alihamia Kinyaturu, lugha ya kwao, na mama akizidiwa alinyamaza tu. Kitu walichokigombania, ambacho shangazi alitaka kukichoma, kilikuwa mezani, ndani ya chumba: kompyuta mpakato nyeusi, nene, nzito kama tofali, pembe zake zimechubuka. Ilikuwa ya Deo, kaka yake Yasinta.

Deo alikufa mwaka uliopita kwa ajali ya lori, njia ya Dodoma. Kabla ya hapo alifundisha vijana wa Manyoni kompyuta katika chumba cha kupanga karibu na stesheni. Matanga yalipokwisha, ndugu walikaa wakagawana vitu vyake kama desturi ilivyo. Baiskeli ilikwenda kwa mjomba, mashati kwa binamu, kitanda kwa babu. Ilipofika zamu ya kompyuta, waliiwasha wote wakiwa wameizunguka. Miaka hiyo biashara huria ilikuwa imejaza maduka ya stendi kila aina ya kitu, simu za mkononi na kompyuta za kung'aa zenye picha za maua na milima kwenye kioo, kwa hiyo kila mtu alijua kompyuta nzima inavyopaswa kuonekana. Hii ya Deo ilionyesha kioo cheusi na maandishi meupe yanayokimbia, basi. Wakasema imeharibika, wakaizima kabla maandishi hayajasimama. Hakuna aliyeitaka, ikabaki chumbani, na mama akakataza mtu yeyote asiingie humo.

Kisha, wakati wa mvua, mama alianza kusema kwamba Deo amerudi.

Alisema alimwona kwa macho yake. Aliingia chumbani alasiri moja akakuta kioo kinawaka chenyewe, maandishi yanashuka mstari kwa mstari bila mkono wa mtu, na chini kabisa likatokea neno moja: deo. Tangu hapo alisikia vidole vyake kila alasiri, ta-ta-ta, ta-ta, ng'ambo ya ukuta. Aliacha kupeleka mafuta yake ya alizeti sokoni. Aliacha kuitika jirani wakibisha hodi. Baada ya msiba shangazi alikuwa ameanza kumwita Mama Yasinta, akidhani anamsaidia. Mama hakuitika jina hilo hata mara moja, mpaka aitwe Mama Deo. Gauni lake la kanisani sasa lilimning'inia kama limetundikwa kwenye kamba.

Yasinta alijua kila kitu. Yeye ndiye aliyeiwasha kompyuta alasiri ile. Alimkumbuka kaka yake, akavunja katazo, akabonyeza kitufe. Aliposikia hatua za mama akaruka dirishani. Mashine ikaendelea na kazi yake kama kawaida, mama akaingia, akaona. Usiku huo mama alikula sahani nzima ya ugali, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na akacheka. Yasinta alitaka kusema, ila alimtazama mama anavyotafuna, akanyamaza.

Kunyamaza lilikuwa kosa moja. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Siku zilizofuata aliingia tena kupitia dirishani, akawa anabonyeza vitufe kwa makusudi ili mama asikie. Akiona mama amenuna, anakwenda kumfufulia mwanawe. Mwanzo ilionekana ni huruma. Sasa mama alikuwa ameacha tena kula, anaongea na ukuta, na Yasinta mwenyewe alianza kuogopa chumba kile, kwani mara nyingine alihisi mtu amesimama nyuma ya bega lake akisoma anachoandika.

Shangazi alikuwa anatafuta kiberiti mtu alipobisha hodi getini. Alikuwa Christopher, rafiki wa Deo, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akilifundisha lile darasa. Aliwaamkia wote wawili shikamoo. Mama aliitika marahaba bila kumtazama; shangazi aliitika huku amemkazia macho, akamwuliza amekuja kufanya nini.

Christopher alieleza kwa adabu kwamba kompyuta mbili za darasa zimekufa, na amekuja kuomba ile ya Deo, kwa mkopo au vyovyote mama atakavyopenda.

Shangazi alicheka. “Mwalimu mzima unalilia tofali? Nenda stendi. Zipo laptop nyembamba kama daftari, zinang'aa.”

“Nilishanunua moja, shangazi. Imelala kabatini.”

Akaeleza. Yeye na Deo walitumia Linux, programu endeshi, ile inayoiendesha kompyuta yenyewe, ambayo mtu huipata bila kuinunua na anaruhusiwa kuwapa wengine. Ile nyembamba ilipowekewa Linux, sauti haikutoka, kioo kikaonyesha picha iliyopinda, na betri ikaisha kabla somo halijakwisha. Ilipoharibika, hakuna fundi aliyeweza kuifungua bila kuivunja. Watu wa Linux hutafuta zile nene, zilizotumika maofisini Ulaya zikauzwa kwa wingi. Zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Kibodi ya hii inaingia kwenye ile. Vumbi la Manyoni haliziui haraka. Na kwa sababu watu wengi duniani wanatumia aina hiyo hiyo, ukipata tatizo utakuta kuna mtu alishalipata kabla yako akaandika alivyolitatua.

“Kwa hiyo mnachagua kwa ubaya wa sura,” shangazi alisema.

“Hatuangalii sura kabisa. Tunaangalia kama itatii na kama itatengenezeka.”

“Hii haitii mtu,” mama alisema ghafla. “Hii ina mwenyewe.” Akasimama kwa kushika fremu ya mlango. “Njooni muone, kwa kuwa mnaniona nina wazimu.”

Wakaingia wote. Chumba kilikuwa na joto na harufu ya nguo za zamani, ingawa nguo zilishaondoka. Christopher alibonyeza kitufe cha kuwashia. Feni ilivuma, kioo kikawa cheusi, mistari myeupe ikaanza kushuka. Mistari ikakimbia, ikasita, ikakimbia tena, halafu ikasimama. Chini, peke yake, likakaa lile neno.

“Umeona?” mama alinong'ona. “Amekuja.”

Shangazi Rebeka alipiga ishara ya msalaba na kurudi hatua moja. Christopher alisema Deo aliipa mashine jina lake mwenyewe, ili isichanganywe na za darasa, na kila ikiwashwa inataja jina lake. Sasa ilikuwa inangoja neno la siri.

“Unalijua?” shangazi aliuliza.

“Hapana. Alikuwa nalo mwenyewe. Njia ninayoijua mimi ni kuifuta yote na kuweka Linux upya. Kila alichoandika kitapotea.”

“Futa au choma, ni yale yale. Ifanye hapa hapa, wifi aone kimekwisha.”

Mama alijitupa juu ya meza, akaikumbatia mashine kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo sana kwamba walishamzika mara moja mbele yake na hataki kutazama tena.

Yasinta alitazama mgongo wa mama, mifupa inavyoonekana chini ya kitenge. Alijua kwamba akinyamaza, mashine itafutwa au itachomwa, na mama atakufa akiamini amewaacha watu wamuue mwanawe mara ya pili. Na akisema, mama atampoteza Deo leo hii, na mkono uliomwondoa utakuwa wa binti yake.

“Mimi nalijua hilo neno,” alisema.

Wote walimgeukia.

“Deo alinifundisha. Ni mimi niliyekuwa naiwasha, mama. Siku ile uliyoona jina, nilikuwa nimeruka dirishani. Zile sauti zote ni mimi.”

Mama alijiinua polepole. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa mtupu, na hilo lilimtisha Yasinta kuliko kiboko.

“Jumapili ile,” mama alisema, “nilimwuliza kama huko aliko kuna baridi. Vitufe vikanijibu. Ni wewe?”

“Ni mimi, mama.”

“Ulisikia nilichouliza, ukajibu?”

“Ndiyo, mama.”

Mama alikaa kana kwamba kitanda cha Deo bado kipo, akashuka mpaka chini, sakafuni pale kilipokuwa. Ndipo alipolia. Alilia kama mtu ambaye hakuwa amelia siku ya mazishi, na kweli hakuwa amelia. Shangazi Rebeka alikaa chini naye, akamshika. Yasinta alisimama kando, hakuthubutu kuwakaribia, machozi yanamdondokea kwenye kola ya shule.

Alipotulia, mama alimwambia aandike neno hilo. Yasinta akakosea mara ya kwanza, akarudia. Kioo kikafunguka. Christopher aliinama akasoma. Hapakuwa na siri yoyote, wala ujumbe wa kuagana. Kulikuwa na masomo ambayo Deo aliyaandika kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wake. La kwanza lilianza hivi: Usiogope kioo cheusi. Hakijafa. Kinangoja uandike.

Christopher alilisoma kwa sauti, na mama alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemsikia mwanawe akijigamba mezani.

“Njoo hapa,” alimwambia Yasinta. Binti alisogea akitarajia kofi. Mama alimfuta pua kwa ncha ya kitenge, kwa nguvu, mpaka ikauma.

“Ulinihurumia, nimeelewa. Lakini nisikilize, na usisahau. Mtu aliyefiwa usimpe marehemu wa kubuni. Kila siku uliyonidanganya ilikuwa siku niliyoacha kula, kufanya kazi, hata kukutazama wewe uliye hai. Nilikuwa nimefiwa na mmoja, ukaanza kunipotezea wa pili. Ungeniambia siku ile ile, ningelia siku ile ile, na leo ningekuwa sokoni. Ukweli ungeniumiza. Uongo ulikuwa unanila.”

“Nisamehe, mama.”

“Nimekusamehe. Adhabu yako nitakupa kesho, nikiwa na nguvu.” Akasimama. Akageuka kwa Christopher. “Hilo darasa lako limefunguliwa saa hizi?”

“Lipo wazi, mama. Vijana wananisubiri.”

“Wangapi wanasoma kwenye kompyuta moja?”

“Watano. Wengine wanasimama.”

Mama aliizima mashine, akaifunga, akaizungushia khanga. Christopher alitaka kumpokea, akakataa. Alimwambia Yasinta achomoe chaji, na shangazi afungue dirisha lile liingize jua, kisha apikie hayo mabua yake badala ya kuyachoma bure. Shangazi alikwenda kufungua dirisha bila ubishi, jambo ambalo hakuna mtu Manyoni aliyewahi kuliona.

Wakatoka. Mama alikuwa hajapita geti lile tangu mvua zilipoanza. Jua lilimfanya akunje macho, na njiani alisimama mara kwa mara kupumzika. Jirani walimwamkia. Aliwaitika wote.

Darasani vijana walikuwa wamebanana mbele ya mashine tatu nene, nyeusi, zinazofanana na ile kama ndugu. Walimwamkia shikamoo. Mama aliweka mzigo wake mezani, akafungua khanga.

“Hii ilikuwa ya mwanangu Deo,” alisema. “Amekufa. Itumieni.”

Kisha akavuta kiti, akamkalisha Yasinta mbele yake, akamwambia awaonyeshe inavyowashwa.