Jaji Tofazzal na Fungu la Monowara

Monowara alipoona kaka yake anamwekea kichwa cha samaki kwenye sahani, alijua kuna jambo. Katika nyumba ile kichwa cha samaki huliwa na mtu wa heshima. Yeye, mjane aliyekuja kutembea kwa marehemu baba yake, alizoea mkia.

"Kula, dada yangu," alisema Mokbul. "Kesho tunakwenda ofisi ya ardhi. Utasema fungu lako la shamba la baba umeniachia."

"Sawa, kaka."

Alijibu upesi, lakini akakisukuma kando kichwa cha samaki. Paa lake lilivuja, na fungu lile lingemlisha. Ila kijijini kila mtu alijua: dada anayedai ardhi haitwi tena nyumbani kwa baba. Hata majira ya baridi yakifika, ambapo kaka huwaita dada zao, vitumbua vya mchele vitapikwa na kuliwa bila yeye.

Mokbul alitaka shahidi mzito, watu wasije wakasema amemnyang'anya dada yake. Wakaenda kwa Jaji Tofazzal.

Kijiji kizima kilimwonea fahari mzee huyu. Mtoto wa mkulima wa mpunga, alisoma sheria Dhaka, akapanda mpaka Mahakama Kuu. Kisha serikali ikamtuma nchi za nje kuwa balozi wa Bangladesh. Sasa alikuwa amestaafu. Walimkuta kando ya bwawa, amekunja lungi yake, shuka ya kiunoni, anawatupia bata pumba.

"Mheshimiwa," alisema Mokbul, "dada yangu ananiachia fungu lake. Tunaomba uwe shahidi."

"Kwa hiari yake?"

"Kwa hiari kabisa!"

"Nimekuuliza wewe? Monowara, mwanangu, ukikataa, kaka yako atakuita tena nyumbani?"

Monowara akatazama chini.

"Umeona, Mokbul? Huo ni woga, si hiari. Nimekaa mahakamani miaka mingi, woga naujua."

"Lakini ndiyo desturi yetu!"

"Desturi, naam. Sheria siyo. Mirathi yetu sisi Waislamu iko wazi: wewe mafungu mawili, yeye moja. Hata akiolewa, hata akifiwa na mume, fungu ni lake. Haki ya kuja nyumbani kwa baba yake hainunuliwi kwa shamba."

Mokbul akanuna. "Wewe mtu mkubwa, mheshimiwa, ni rahisi kusema. Una bwawa, una bata..."

"Bwawa ni la dada yangu Rabeya. Hawa bata wanaogelea kwa ruhusa yake."

Monowara akacheka kabla hajajizuia.

"Baba alipofariki nilikuwa hakimu kijana," Jaji aliendelea. "Nikapima ardhi, nikampa Rabeya fungu lake, na bwawa hili likiwemo. Sokoni wakanicheka: 'Mwoneni hakimu, kajihukumu mwenyewe!' Sasa nisipoanza kwangu, ya wengine nitayaamuaje? Na nilipokuwa balozi, wageni waliniuliza wanawake wa kwetu wanamiliki nini. Sikuinamisha kichwa. Niliwasimulia habari za bwawa hili."

Monowara alikuwa amesikia mengi juu ya mzee huyu, mawaziri aliokula nao na ndege alizopanda. Leo alimwona akijivunia bwawa la dada yake. Akainua uso.

"Kaka, sikuachii fungu langu." Akamgeukia Mokbul. "Wewe lilime, mavuno tugawane. Na nyumbani nitakuja. Ni kwa baba yangu pia."

Mokbul alitafuna tambuu kwa hasira njia nzima ya kurudi. Lakini kesho yake alikwenda naye ofisi ya ardhi.

Karani wa ardhi, kwa mazoea, hakuinua hata macho. "Mama, unamwachia kaka?"

"Siachi. Andika jina langu."

Karani akamtazama Mokbul. Mokbul akakohoa. "Si umemsikia? Andika."

Msimu ule Monowara alipata mpunga wake, akaezeka paa jipya. Wanawake wengine wakaanza kumwuliza njia ya ofisi ya ardhi.

Baridi ilipoingia, alikaa kwake akisikiliza kama ataitwa, roho juu. Siku zikapita. Kisha asubuhi moja sauti ikaita kutoka barabarani, na kwa jinsi ilivyokuwa na hasira ya njaa alijua ni ya Mokbul:

"Dada! Vitumbua vinapoa, na wifi yako hataki tule mpaka ufike!"