Mbegu ya Itongo

Jua lilikuwa limezama nusu Justa alipoingia uani kwa Mbuke na ndoo ya maji ya lambo.

"Shikamoo, mayu." Alimwita mama kwa Kisukuma, angalau ampendeze.

Mbuke hakuitikia. Hakuwahi kumwitikia tangu Justa afike kijijini pale, karibu na Tinde. Chumba alimpa kwa amri ya mwenyekiti tu. Ulikuwa mwaka 1976, watu wamehamishwa kwao juzijuzi, na mgeni anayefukua ardhi hakupendwa na mtu.

Justa alikuwa mtafiti wa mimea ya kale. Huchukua jivu la mafiga ya zamani, akalimimina majini, akangoja. Udongo huzama, mbegu zilizoungua huelea. Kwa mbegu hizo alijua watu wa kale walikula nini na mvua yao ilikuwaje. Mfuko wake wa mwisho wa jivu ulitoka itongo, yale mahame ya nyuma ya kilima. Kesho angepanda basi kurudi Mwanza. Jumapili bintiye Coletha angepokea komunyo ya kwanza, na alikuwa amemwahidi kwamba, liwe liwalo, atakuwepo.

"Jivu la itongo halitiwi maji," Mbuke alisema kutoka mlangoni. "Juu ya mafiga yale wenyewe walitundika mbegu ya kupanda. Njaa ikawaua wanaitazama, hawakuigusa. Mpaka leo wanatafuta wa kuwalimia."

"Namaliza sasa hivi, mayu."

Sikio la kufa halisikii dawa. La msomi ndiyo kabisa!

Akamimina. Jivu likazama... kisha punje za mtama zikaanza kupanda, nyeusi tii. Harufu ikapanda nazo. Haikuwa ya jivu. Ilikuwa ya ugali unaotoka motoni.

Justa alikuwa na mazoea yake ya kazini. Punje akiitilia shaka, huiweka kati ya meno. Ya kale husagika kama mkaa. Ya juzi hugoma.

Akaing'ata.

Kap!

Ngumu. Ndani mbichi, tamu. Kabla hajaitema, ilikwisha teremka kooni.

Nyuma ya ua wa minyaa mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha koo lililojaa vumbi. Akafuata mwingine... na mwingine.

"Umekula mbegu yao," Mbuke alinong'ona. "Anayekula mbegu ya watu huwalimia. Zilizobaki zirudishe pale pale. Mlimaji mmoja amewatosha, usiwapelekee wa pili."

Justa aliogopa, akazikusanya punje. Akazirudisha mbio, giza likimfukuza. Lakini kichupa kimoja cha punje hizo akakificha kwenye begi. Jasho la miaka miwili, arudi mikono mitupu?

Asubuhi aliamka na malengelenge viganjani. Kucha zilijaa tope, kiuno hakinyanyuki. Kule kwenye itongo kulikuwa na matuta mapya, yamenyooka, mabichi, na mvua haikuwa imenyesha.

Mbuke alikuwa anafagia uani. Justa alimpita na begi lake bila hata kumsalimu.

"Marahaba, mwanangu," Mbuke alisema nyuma yake. "Umelima vizuri."

Jumapili Coletha alivaa gauni jeupe. Justa alilia kanisani, akawaambia watu ni furaha. Kweli ilikuwa furaha, ila viganja vilikuwa ndani ya bandeji, kwa sababu hata Mwanza kila alfajiri malengelenge yalikuwa mapya. Akajipa moyo. Kama ni kulima, atalima yeye. Mtoto wake hahusiki.

Jioni alikuwa jikoni anasonga ugali aliposikia zipu ya begi chumbani.

"Mama, hizi ndizo mbegu zako za zamani?"

"Coletha, usiguse!"

Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akakimbia. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya chumba, gauni jeupe bado mwilini, kichupa wazi mkononi.

Kap!

"Tema! Coletha, tema!"

Coletha alimeza, akatabasamu. Alikuwa anajivunia kazi ya mama yake siku zote.

"Nimeipima, mama, kama unavyopima wewe. Siyo ya zamani. Ni tamu."

Nje ya dirisha, mtu akakohoa.