Maua Ndani ya Kiondo cha Mbula

Mwili wa Mbula ulipatikana Ijumaa asubuhi, ndani ya mtaro wa shamba la kahawa karibu na Ruiru. Ulikuwa mwaka wa 1957. Kiondo chake kilikuwa kando ya mkono wake, kimejaa mboga za porini zenye maua ya manjano.

Inspekta Simeon Kaleli alichuchumaa. Fuvu lilikuwa limevunjika kisogoni, lakini kwenye mawe ya mtaro hakukuwa na tone la damu.

"Hakufia hapa," alisema.

Konstebo Gerishon alikuwa ameshamkamata mume. Mulei, mkata matawi wa shamba hilo, ndiye aliyemwona kwanza, akampakata, shati likalowa damu. Isitoshe, majirani waliwasikia wakigombana Alhamisi asubuhi.

"Mligombania nini?" Kaleli alimwuliza kituoni.

"Mambo ya nyumbani, afande."

"Mambo gani?"

Mulei alitazama sakafu.

"Mulei, Jumatatu unapelekwa kortini. Kesi ya mauaji hukumu yake ni kitanzi. Sema."

"Sikumuua mke wangu. La ugomvi siwezi kusema."

Kaleli alichukua kiondo, akaenda kwa Mama Kamene, mjane aliyekuwa akichuma mboga pamoja na Mbula. Alimkuta amekaa chini, kanga kichwani, wanawake wenzake wamemzunguka. Mama Kamene alishika shina moja, akalitupa kama aliyeungua.

"Nani katia takataka hii humu?"

"Si mboga mnazochuma, mama?"

"Wewe ni Mkamba gani usiyejua mboga? Au mkeo anakulisha nyama tu?" Mwanamke mmoja alicheka kidogo, akajifuta machozi. "Sisi tunachuma majani machanga, mwanangu. Ikishatoa maua ni chungu, hata mbuzi hukunja uso. Mbula angejaza kiondo kwa maua? Aliyejaza hiki ni mwanamume, tena hajawahi kutumwa mboga."

Kaleli aliyaangalia yale maua upya. Muuaji alitaka ionekane Mbula aliteleza akichuma. Lakini aliyachuma wapi?

Bwana Idarous, karani wa kilimo mjini Thika, aliyatandaza juu ya gazeti, akachukua kioo cha kukuzia.

"Petali nne, zimekaa kama msalaba. Jamii ya haradali. Wengi wangeishia hapo."

"Wewe huishii hapo?"

"Tazama tunda. Haradali mwitu, iliyojaa kule Ruiru, maganda yake ya mbegu ni laini na yana ncha kama mdomo wa ndege. Hili limebanwabanwa kama shanga kwenye uzi." Alilivunja, likakatika vipande vipande. "Na petali zina mishipa ya zambarau. Hii ni figili mwitu."

"Inamea wapi?"

"Katika wilaya hii nimeiona mahali pamoja tu: nyuma ya zizi la farasi kwenye shamba moja la mkonge, hapa Thika. Mbegu zilikuja na chakula cha farasi kutoka ng'ambo. Nimeshawaandikia waing'oe. Hawasikii."

Nyapara wa zizi aliitwa Gachanja. Kila Alhamisi jioni alipeleka nyasi kavu Ruiru kwa lori. Kaleli alimkuta akiosha birika la mawe la kunyweshea farasi. Pembe moja ilikuwa imesuguliwa mpaka ikang'aa. Nyingine zote zilikuwa na ukungu wa kijani.

"Unamjua Mbula?"

"Simjui, bwana."

"Kiondo chake ulikijaza kwa magugu yako haya. Wanawake hawali mboga iliyotoa maua, Gachanja."

Gachanja aliangalia maua nyuma ya zizi. Brashi ilimtoka mkononi.

"Sikukusudia," alisema. "Kaka yake, Nzau, ndiye alikuwa nyapara hapa. Nilitaka kazi yake. Mwaka wa hamsini na nne nilimshtaki kwamba Jumamosi fulani alikula kiapo cha waasi msituni. Akawekwa kizuizini. Yuko huko mpaka leo."

"Ulimwona akila kiapo?"

"Hapana. Juzi Nzau aliwaandikia Mbula na mumewe barua, akataja siku ile. Alhamisi Mbula akaja hapa na cheti cha harusi yake. Jumamosi ile ile Nzau alikuwa kanisani, akimsindikiza dada yake. Mbula alinisihi niende kwa mkuu wa wilaya niseme kweli. Nilimpokonya cheti, akaning'ang'ania. Nikamsukuma. Akaanguka kwenye birika."

"Cheti kiko wapi?"

"Nilikichoma."

Jumapili mchana Kaleli alifungua mlango wa mahabusu, akamsomea Mulei maungamo yote. Mulei alisikiliza amesimama, kofia mkononi.

"Nilimkataza," alisema baadaye. "Nilimwambia ya Nzau tuyaache, wasije wakanichukua na mimi. Ndiyo sababu nilinyamaza hapa. Na ndiyo sababu yeye akaenda peke yake."

Kaleli alimsukumia daftari aweke sahihi ya kuachiliwa.

"Nenda nyumbani, Mulei. Watu wanakungoja mpange mazishi."

Mulei aliweka sahihi, lakini hakuondoka.

"Kitabu cha harusi kiko kanisani, Inspekta. Jina la Nzau limo, alitia sahihi kama shahidi wetu." Alivaa kofia. "Twende sasa hivi, mchungaji bado yupo. Kesho ninamzika mke wangu, na ninataka barua ya kumtoa kaka yake kizuizini iwe imeshaandikwa."