Msumari Uliobaki Ndani

Kila Jumamosi, nikishaosha vyombo, hukimbilia karakana ya shangazi yangu. Shangazi ni seremala. Yeye huniita Chiriku, kwa sababu eti mdomo wangu haujui likizo.

Jumamosi ile tulikuwa na kazi ya Bibi. Panya walikuwa wamemtafunia shuka mbili na blanketi, naye akasema amechoka kuwalea. Jiko lake la zamani lilipobomolewa, alituletea mlango na rafu zake.

"Nitengenezeeni sanduku," alisema. "Na mbao msizing'arishe kupita kiasi. Moshi huo nimeufukiza mimi miaka yote."

Kazi yangu ilikuwa kung'oa misumari. Kwa shangazi kuna utaratibu: ukimaliza ubao, unaukagua pande zote, kisha unasema, "Safi!" Ukishatamka hivyo, yeye haukagui tena, anaupiga randa ili uwe laini. Randa yenyewe aliachiwa na marehemu babu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Jamani, nilivyoitamani!

Nikachapa kazi mbiombio ili anione hodari. Kwenye ubao wa mwisho, msumari ukakatika kichwa, mwili ukabaki ndani. Nikavuta kwa koleo, wapi! Basi nikachanganya vumbi la mbao na gundi, nikaziba tundu, nikapaka masizi juu. Hata mimi sikuliona tena.

"Safi!" nikasema.

Shangazi akatabasamu. "Leo umefanya kazi ya mtu mzima, mwanangu. Njoo. Ubao huu utaupiga randa wewe mwenyewe."

Moyo ulinilipuka. Randa ya babu ilikuwa mikononi mwangu, kisu chake kikimeremeta. Kisu kile kingegonga chuma, kingeingia pengo, na babu hayupo wa kutupa kingine. Nikasimama pale kama nimegandishwa.

"Vipi, Chiriku, umemeza ulimi?"

Nilitaka kusingizia tumbo. Badala yake machozi yakanitoka. "Shangazi, si safi. Kuna msumari ndani. Nimeufukia kwa gundi."

Shangazi akaichukua randa taratibu, akaiweka juu ya kabati. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nionyeshe ulipo," akasema.

Nikauinamia ubao. Nikaugeuza. Nikaugeuza tena. "Sijui, Shangazi. Nimeuficha vizuri mno."

Alijaribu kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini! Tulichomachoma ubao kwa sindano nene hadi ikagonga chuma, tukachimba kwa patasi, na msumari ukatoka, umepinda na kutu tele.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Msumari kukatika si kosa, hata mimi hunikatikia. Lakini ukiniambia safi, mimi nakuamini. Ukificha kosa, anayekuamini ndiye anayeumia."

Kisha akaishusha randa, akaniwekea mikononi. Nilipiga ubao ule polepole, maganda membamba yakijikunja miguuni pangu, na sikukumbuka hata kula.

Jioni tulimpelekea Bibi sanduku lake. Ubao wangu ulikuwa kwenye kifuniko. Bibi alipapasa tundu dogo tulilochimba, ambalo halikutokeza upande wa pili. "Na hili je?"

Shangazi alifumbua mdomo, lakini nilimtangulia. Nikaeleza yote, gundi, masizi na sindano.

Bibi akanivuta karibu, akaniwekea mkono kichwani. "Basi msilizibe," akasema. "Heri tundu ninaloliona, mjukuu wangu, kuliko msumari nisiouona."

Akafungua kifuniko, akaanza kupanga mablanketi yake.